Tusinunue Makombe ya Bahari

Sisi wanafunzi tunaotoka Uganda, nchi isiyo na bahari, tukifika Watamu tunashangazwa na kila kitu: kasa, matumbawe, na viti vya pweza wakati maji yamekupwa. Kisha tunafanya kosa. Tunanunua makombe na kurudi nayo nyumbani. Mimi pia niliwahi kununua, kwa hiyo nikiwalaumu wenzangu najilaumu mwenyewe.

Wengi husema, "Kombe ni kitu kilichokufa, kuna hasara gani?" Hoja hiyo haina nguvu. Kombe lililolala mchangani huchakaa na kupoteza rangi. Lile linalong'aa mezani kwa muuzaji mara nyingi lilitolewa majini konokono wake akiwa hai. Hata kombe tupu lina mpangaji, maana kuna kaa wenye tumbo laini ambao huingia humo ili wasiliwe. Tukilichukua, tumembomolea nyumba.

Yuko pia konokono mkubwa ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu. Huyo hula kiti cha pweza mwenye miiba, na huyo wa miiba hula matumbawe. Tukimmaliza konokono ili tupambe sebule, tunamsaidia adui wa matumbawe. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao na mvuvi hukosa riziki. Bandu bandu huisha gogo.

Wengine watasema muuzaji naye ana watoto. Ni kweli. Lakini Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, na kuchukua makombe humo ni marufuku. Marufuku hayo yatafaa nini kama mnunuzi anangoja ufukweni? Pesa zilezile tumpe mwenyeji atakayetuonyesha mikoko na ndege wa Mida, au kututembeza katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Kando ya msitu huo, tangu 1993, wakulima wa mradi wa Kipepeo hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo kabla hawajatoka vifukoni. Msitu unabaki, na pesa zinaingia.

Zamani kwetu Buganda, simbi kutoka pwani zilikuwa pesa, na hadi leo Waganda huziita pesa "ensimbi". Basi sisi ndio tunaopaswa kujua thamani ya kombe. Wenzangu, tukienda pwani tuache pesa zetu huko, na makombe tuyaache baharini.