Wavuvi hawahitaji programu nyingine ya simu

Leo hakuna PHP wala Linux hapa. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na wenzangu tunaoandika programu.

Kila mashindano ya teknolojia ninayohudhuria hakosekani kijana aliyetengeneza programu ya simu ya "kuwasaidia wavuvi". Bei ya samaki, hali ya hewa, ramani. Makofi, picha, zawadi. Mimi huuliza swali moja: simu hiyo itachajiwa wapi, na waya za boti amezifunga nani? Kimya.

Boti nyingi ndogo siku hizi zina stima, kuanzia Lamu hadi Vanga, na hata Ziwa Victoria wanakovua omena usiku kwa taa. Betri ya volti 12, taa, swichi ya injini, pampu ya kutoa maji ya ngama. Anayezifunga ama ni fundi wa stima za nyumba ama fundi wa rewaya za magari. Ni hodari wote wawili, lakini nchi kavu.

Fundi wa magari amezoea bodi ya gari kuwa ndiyo njia ya umeme kurudi. Boti ya mbao au faiba haina bodi ya chuma, kwa hiyo kila kifaa kinataka waya wake wa hasi hadi kwenye betri. Fundi wa nyumba naye amezoea volti 240. Chukua pampu inayovuta ampea 5, iko mita 6 kutoka kwenye betri, waya wa milimita mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 12 za shaba, na njiani inapotea karibu volti 0.7. Nyumbani hutaiona. Kwenye volti 12 ni karibu asilimia 6, na hapo waya bado ni mpya! Ngoja chumvi iingie kwenye kiungo kilichozungushiwa tepu, shaba igeuke kijani. Halafu ile testa ya bisibisi iliyo mfukoni mwake haiwaki kwa volti 12. Basi atakwambia betri imekufa, nunua nyingine.

Hili ndilo linaloniudhi hasa. Kubadilisha betri bila kupima ni sawa na kufuta kompyuta nzima kwa sababu printa haichapishi. Maltimita ya bei nafuu inatosha. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa, ikisoma 12.0, nguvu nyingi zimekwisha. Pampu ikizembea, iache ikiwa imewashwa, pima kutoka chanya ya betri hadi chanya ya pampu. Isome sehemu ndogo tu ya volti. Ikisoma 2, mwizi yuko kwenye waya huo. Mfuate kiungo kwa kiungo. (Wenye kutafuta makosa kwenye programu, kazi hii si ngeni kwenu.) Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi.

Na fyuzi, jamani. Fyuzi hulinda waya, kwa hiyo mahali pake ni jirani na betri. Kanuni za ABYC za Marekani kwa kawaida zinataka isizidi inchi 7, yaani sentimita 18 hivi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama, palepale ulipolala waya usio na fyuzi. Boti ikishika moto katikati ya maji utakimbilia wapi?

Atasema mtu kwamba haya si mambo ya watu wa kompyuta. Mbona bei ya samaki ilikuwa mambo yetu? Zile pesa za fulana na ukumbi zingenunulia vikundi vya BMU maltimita na koleo za kubania vichwa vya waya, pamoja na mafunzo ya siku tatu, boti ikiwa imepandishwa mchangani na waya zake mbovu zote.

Maltimita tatu ninazo tayari. Aliye Mombasa au Kilifi mwenye boti mbovu ya kufundishia, aniambie.