Mzigo wa jina baya: Kwa nini Afrika Kusini iliteleza mara kwa mara kriketini

AFRIKA Kusini ilihitaji mkimbio mmoja tu ili kufuzu kwa fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mnamo Juni 17, 1999. Mipira minne ilikuwa imesalia uwanjani Edgbaston, Uingereza, na Lance Klusener alikuwa ametoka kupiga mipira miwili mfululizo hadi mpakani. Kisha Klusener akatimua mbio huku mwenzake, Allan Donald, akibaki ameukodolea mpira macho. Donald alidondosha gongo lake na kutolewa. Timu zote zilimaliza na mikimbio 213, lakini Australia ikasonga mbele kwa matokeo bora ya awali.

Tangu siku hiyo, kikosi hicho kiliandamwa na sifa ya kulemewa na woga ushindi unapokaribia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, alichapisha mwaka wa 1984 utafiti unaotoa mwanga kuhusu hali hii. Shinikizo humfanya mtu ajichunguze kupita kiasi. Kazi ambayo mikono imeizoea kwa miaka mingi huvurugika pindi akili inapoanza kuisimamia hatua kwa hatua. Mchezaji hasahau ujuzi wake, anauingilia.

Hata hivyo, si kila kichapo kinafaa kutiwa katika kapu hilo. Katika nusu-fainali ya 1992 jijini Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Mvua iliponyesha na hesabu kurekebishwa, ilitakiwa kupata mikimbio 21 kwa mpira mmoja. Hakuna ujasiri ambao ungeifaa hapo.

Mnamo 2003, ikiwa mwenyeji, ilitoka sare na Sri Lanka jijini Durban kwa kusoma vibaya jedwali la hesabu za mvua. Mark Boucher aliuzuia mpira wa mwisho akidhani ushindi umepatikana, kumbe mkimbio mmoja zaidi ulihitajika. Kenya, ambayo Afrika Kusini ilikuwa imeilaza kwa wiketi 10 katika kundi hilo hilo, ndiyo iliyoendelea hadi nusu-fainali.

Lakini kadiri mikosi ilivyorundikana, ndivyo jina lilivyozidi kuwa mzigo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na katika timu hii hata wale ambao hawakuumwa walifunzwa kushtuka. Kila kizazi kilirithi maswali kuhusu makosa ya waliotangulia, na kuingia uwanjani kikipambana na mpinzani pamoja na historia.

Fainali ya Twenty20 ya Juni 2024 nchini Barbados ilionekana kuthibitisha hofu hiyo. Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 30 kwa mipira 30 ikiwa na wiketi sita mkononi, lakini ikashindwa na India kwa mikimbio saba.

Nahodha siku hiyo alikuwa Aiden Markram. Mwaka mmoja baadaye, Juni 14, 2025, Markram huyo huyo alifikisha mikimbio 136 uwanjani Lord's, Afrika Kusini ilipofukuzia 282 na kuishinda Australia kwa wiketi tano katika fainali ya Ubingwa wa Dunia wa mechi za Test. Temba Bavuma, aliyekuwa nahodha katika kichapo cha nusu-fainali ya 2023, alipata 66 akichechemea kwa jeraha la paja. Lilikuwa taji lao kuu la kwanza tangu 1998.

Iwapo woga ungekuwa katika damu ya wachezaji, watu wale wale hawangeweza kushinda. Funzo ni kwamba kushindwa mara nyingi si tabia ya kuzaliwa nayo, bali ni mkusanyiko wa bahati mbaya, makosa ya maandalizi na shinikizo linalokuzwa na kila anayelirudia lile jina.

Mtihani mwingine unasubiri. Kombe la Dunia la ova 50 la 2027 limepangiwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, na Afrika Kusini haijawahi kufika fainali ya shindano hilo. Safari hii, angalau, wachezaji wake watakuwa na kumbukumbu ya ushindi ya kushikilia mipira ya mwisho itakapowadia.