Kasi, Si Wingi

Sensa ya Agosti 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120. Miaka kumi kabla tulikuwa 44,928,923. Mkoa wa Mwanza pekee ulipanda kutoka watu milioni 2.77 hadi karibu milioni 3.7. Namba hizi huwatia wengine hofu na wengine fahari, na mjadala huishia hapo. Toleo hili, linaloandaliwa hapa Nyegezi jijini Mwanza, linashika hoja nyingine: uchumi hauelemewi na wingi wa watu, unaelemewa na kasi ya ongezeko lao pale inapokaribia kasi ya taifa kujenga shule, zana na ajira. Kati ya sensa hizo mbili tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa mwendo huo idadi yetu huwa maradufu katika miaka 22 hivi. Mwaka 2023 uchumi ulikua kwa asilimia 5.1. Ukitoa ongezeko la watu, nyongeza inayobaki kwa kila kichwa haifiki hata asilimia mbili. Jasho jingi la nchi linatumika kutubakiza tulipo: darasa jipya linajazwa na watoto wapya kabla halijapunguza msongamano wa darasa la zamani.

Ziwa Victoria linalionyesha jambo hili waziwazi kuliko bajeti yoyote. Wavuvi wa Tanzania, Uganda na Kenya katika ziwa hilo walihesabiwa takriban 129,000 mwaka 2000. Kufikia 2016 walikuwa wamevuka 200,000. Ziwa halikupanuka. Sangara waliovilisha viwanda vya minofu vya Mwanza miaka ya 1990 hawazaliani kwa kufuata idadi ya mitumbwi, na kijana asiye na shamba wala ajira huingia majini na kokoro, wavu uliopigwa marufuku, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Doria huchoma nyavu, naye hurudi. Huwezi kumwita mhalifu tu mtu ambaye uchumi haukumwandalia mlango mwingine.

Wapo wanaosema ardhi yetu ni kubwa. Ni kweli, lakini wafugaji na wakulima wa Kisukuma walishaijaribu hoja hiyo kwa miguu: walihama Mwanza na Shinyanga wakaenda Rukwa hadi bonde la Kilombero, na huko migogoro ya malisho na mashamba ikawasubiri. Ardhi bila barabara, maji na mtaji haimwinui mtu. Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais John Magufuli alihoji kwa nini watu wenye ng'ombe na mashamba wahangaike na uzazi wa mpango, akitaja pia Ulaya inayozeeka. Hoja hiyo ina uzito wake, maana nguvu kazi ni mali. Ila China na Thailand zilivuna nguvu kazi yao wakati uzazi ulikuwa umeshashuka, kila mfanyakazi akiwa na wategemezi wachache na akiba ya kuwekeza. Sisi wastani bado ni watoto 4.8 kwa mwanamke, kwa utafiti wa afya wa 2022.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni lile linalosema umaskini ndio unaozaa familia kubwa. Mzazi aliyezoea kuzika huzaa akiba. Lakini vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 43 mwaka 2022, na uzazi umeanza kufuata, polepole mno. Breki iliyobaki ni binti kukaa shuleni. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwarudisha darasani wasichana waliojifungua ulikuwa sera ya uchumi, hata kama ulitangazwa na wizara ya elimu. Hata hivyo, katika utafiti huohuo wa 2022, zaidi ya msichana mmoja kati ya watano wenye miaka 15 hadi 19 alikuwa ameshashika mimba. Fedha za mabweni, na za dawa za uzazi wa mpango katika zahanati za visiwani Ukerewe, zinastahili kupangwa katika fungu moja na za barabara na bandari.