Kinanda cha mdomo kiingie kliniki ya kifua

Mtazame mgonjwa wa mapafu akipanda ngazi za hospitali. Akifika ya nne anasimama, anashika ukuta, anakunja midomo kama anayepuliza uji wa moto, kisha anaitoa pumzi polepole. Mara nyingi hakuna aliyemfundisha. Mwili wenyewe umegundua kwamba pumzi ikipita kwenye midomo iliyobanwa, njia za hewa hazifungi upesi, na hewa iliyonaswa kifuani inapata upenyo. Watu hudhani mgonjwa huyu anashindwa kuvuta hewa. Tabu yake kubwa ni kuitoa. Kifua kimeshajaa, kwa hiyo hata akivuta kwa nguvu zote hakuna pa kuiweka.

Kinanda cha mdomo, wengine wanakiita hamonika, kinamfanyisha kazi hiyohiyo ya midomo iliyobanwa, na kinamlipa kwa muziki. Filimbi, zumari na tarumbeta hulia mtu anapotoa pumzi. Hiki hulia ukipuliza na hulia ukivuta. Chukua kile cha kawaida chenye matundu kumi: tundu la nne ukipuliza unapata do, ukivuta unapata re, la tano ukipuliza ni mi, ukivuta ni fa. Hata wimbo mfupi wa chekechea utakulazimisha utoe na uingize hewa kwa zamu, kwa mapigo, ukishindana kidogo na vile vyuma vyembamba vinavyotetemeka ndani. Kiwambo na misuli ya mbavu vinafanya mazoezi huku akili iko kwenye wimbo. Pumzi ikiyumba, sauti nayo inayumba, na mgonjwa anajisikia na kujirekebisha mwenyewe papo hapo.

Nchini Marekani jambo hili limeshavuka hatua ya kujaribu majumbani. COPD Foundation, taasisi inayowahudumia wagonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ina programu yake ya kuwafundisha kinanda. Huko Dallas, Texas, watafiti waliandikisha wagonjwa 14 kwa mafunzo ya wiki 12, na 11 wakayamaliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: nguvu ya misuli ya kuvuta na kutoa pumzi iliongezeka, na umbali ambao mgonjwa aliweza kutembea kwa dakika sita ulirefuka kwa wastani wa mita 60 hivi. Kwa mtu mzima wa afya mita 60 si kitu. Kwa anayesimama kila baada ya hatua chache, hiyo ndiyo tofauti ya kufika msalani mwenyewe na kusubiri kushikwa mkono.

Tuseme ukweli wote. Watu 11 ni wachache, na hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Utafiti mwingine mdogo wa Marekani, wa mwaka 2012, haukuona tofauti ya maana kinanda kilipoongezwa kwenye mazoezi ya kawaida ya mapafu. Kwa hiyo hatumwambii mtu atupe pampu yake, wala hatusemi kwamba pafu lililokwisha kuharibika litarudi kuwa jipya. Tunachosema ni kwamba mazoezi ya mapafu yanayosimamiwa na wataalamu yamethibitika kumpunguzia mgonjwa kuhema, na kinanda ni njia ya bei nafuu ya kumfanya ayapende na ayaendeleze nyumbani. Zoezi linaloachwa baada ya wiki mbili halimsaidii mtu.

Wala mazoezi ya mapafu si anasa ya nchi tajiri. Jirani zetu wa Kampala waliendesha programu ya wiki sita kwa watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na makovu mapafuni, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo ya kutia moyo. Hapa kwetu wagonjwa wa namna hiyo tunao, pamoja na kina mama na mabibi waliopika kwa kuni na mkaa maisha yao yote, wengi wao bila kugusa sigara hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Litamwokoa mjukuu. Bibi yake, ambaye moshi umeshamwingia kwa miaka hamsini, anahitaji msaada wa leo, na mara nyingi anachopewa ni dawa ya kikohozi na tarehe ya kurudi.

Tahadhari zipo na ni za lazima. Asianze mtu kabla ya kuonana na daktari, hasa anayekohoa damu, aliyefanyiwa upasuaji wa kifua karibuni au aliyewahi kupasuka pafu. Mwenye kifua kikuu amalize dawa kwanza. Asikimbilie zumari kwa kuwa tu ni ala ya nyumbani: wapigaji wa Pwani huijaza hewa mashavuni na kuisukuma kwa nguvu bila kukatiza, na msukumo huo si wa kifua kilichochoka. Kinanda kisiazimwe, hata kwa mke au mtoto. Kisafishwe na kikaushwe kila baada ya kupigwa. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza waliripoti kifo cha mtu aliyekuwa akipuliza kila siku zumari ya mfuko, ile ya Waskoti. Ndani ya ala hiyo walikuta kuvu za aina kadhaa, na wakaamini ndizo zilizomharibu mapafu.

Tunaiomba Wizara ya Afya ianze na hospitali chache za rufaa zenye wataalamu wa fiziotherapia. Siku ya kliniki ya kifua, mazoezi yapewe saa moja na chumba chenye madirisha yanayofunguka. Mgonjwa apimwe umbali anaotembea kwa dakika sita kabla ya kuanza na baada ya wiki 12, namba ziandikwe, zichapishwe, tuzione. Kila mmoja awe na kinanda chake, kimebandikwa jina lake. Siku ya kwanza wasihangaike na wimbo wowote: wakae wima, mabega chini, wapulize kwa mapigo mawili, wavute kwa mapigo mawili, wapumzike.