Besi Iliyotukatia Neno

Jumamosi moja, katika chumba cha mwenzangu huku Lukafu, niliona kiambishi kikifutwa kwa sababu ya ngoma. Tulikuwa tukitunga wimbo kuhusu majirani wasiochoka kutaja mambo ya wengine. Neno la kwanza la kiitikio lilikuwa "banasemaka". Ngoma hatukupiga sisi: ilikuwa lupu, yaani kipande kilichorekodiwa tayari, ambacho programu hukirudia mpaka ukizime. Mwenzangu akaweka besi juu yake, noti moja kwa kila pigo la ngoma kubwa. Tukaimba. Neno likakataa kukaa.

"Toa ile -ka, ndugu," akasema. "Bantu batasikia tu."

Tukaitoa. Wimbo ukakaa vizuri mno, na nikarudi nyumbani nikiwa na hasira.

Tuhesabu. Programu kama FL Studio hukupa visanduku 16 kwa kipimo kimoja. Katika lupu yetu ngoma kubwa ilipiga katika kisanduku cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Ukiipa kila silabi visanduku viwili, "banasema" huangukia hivi: ba kwenye 1, na kwenye 3, se kwenye 5, ma kwenye 7. Mkazo wa Kiswahili, kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi se inakutana na ngoma na kila mtu anafurahi. Ukiongeza -ka, mkazo unahamia kwenye ma, na ma iko kwenye 7, mahali pasipo na ngoma wala besi. Ngoma inasisitiza se, mdomo unataka ma. Mwimbaji anajikwaa, halafu tunamwambia hana sauti!

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa tulichopoteza. "Banasema" ni kwamba wanasema, labda sasa hivi, labda leo tu. "Banasemaka" ni tabia yao. Kazi ambayo Kiswahili sanifu huifanya kwa hu-, sisi wa Lubumbashi huifanya kwa -ka, na wimbo wetu wote ulisimama juu ya tabia hiyo. Bila -ka, majirani wetu walikuwa watu waliosema neno moja siku moja. Hapo kuna wimbo gani?

Maoni yangu ni haya: kosa halikuwa la lupu, lilikuwa la besi. Lupu ni kitu cha kununua au kupakua. Aliyeitengeneza hakuwa na Kiswahili chetu akilini, na hatuwezi kumdai. Lakini besi tuliiandika wenyewe, na tuliiandika kana kwamba kazi yake ni kukubaliana na ngoma. Besi inayoirudia ngoma kubwa pigo kwa pigo haiongezi chochote ila uzito, na uzito huo unaipa nguvu silabi isiyostahili. (Kwenye simu hata uzito huo hausikiki: waya mnene wa gitaa la besi hutoa mitetemo kama 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haifiki huko.)

Watu wa eneo letu walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, shahada ikashika nyembamba, na mdomo ukaimba. Aliyepiga besi na aliyetamka neno walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo besi isingeweza kutojua neno linaelekea wapi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, muziki mzima wa kalindula umepewa jina la chombo chake cha besi. Si jina la ngoma. Katika chumba chetu mambo yalikuwa kinyume: ngoma kwanza, besi baadaye, neno mwisho, likibanwa kwenye nafasi iliyobaki.

Najua jibu la baadhi ya walimu: wimbo siku zote huvuta lugha, na washairi wamekata silabi tangu zamani ili mizani itimie. Kweli. Lakini mshairi hukata akijua anachokata, naye huchagua mizani yake mwenyewe. Sisi tulichaguliwa na visanduku.

Jumatatu nilirudi. Kwanza tulijaribu kuanza neno mapema, kisanduku cha 15 cha kipimo kilichotangulia, ili ma ifike kwenye 5. Ikafika, lakini na ikaangukia pigo la kwanza, lenye nguvu kuliko yote, na tukawa tunapiga kelele "NA". Tukaliacha. Kisha nikaomba jambo moja: ngoma ibaki ilivyo, besi inyamaze kwenye 5, ipige kwenye 7.

Mwenzangu alibofya mara mbili. Noti ya chini ikaja baada ya ngoma, chini kabisa ya ma, na -ka ikatua yenyewe juu ya pigo la 9. Alirudia kipande hicho bila kusema kitu, labda mara kumi, mpaka umeme ukakatika. Tukaendelea kuimba gizani, yeye akiipiga besi mezani kwa kidole gumba.