Rundo la Karatasi za Likizo Halimfunzi Mtu

Kuna imani moja ambayo huku Kakamega haiulizwi maswali: mwanafunzi akirudi nyumbani bila mzigo wa kazi ya likizo, basi shule yake imelala. Wazazi tunaipima shule kwa unene wa karatasi zilizobanwa kwa pini. Mwalimu mkuu naye, akijua atahukumiwa kwa wastani wa alama za mtihani wa KCSE, huhakikisha hakuna somo lililokosa kutoa maswali. Eti mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto wetu wanainama kweli, ila huko mvunguni hamna kitu.

Tufanye hesabu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana masomo 8. Kila mwalimu akitoa maswali 30, hayo ni maswali 240 ya likizo ya Aprili, likizo ambayo haifiki mwezi. Sasa mgeukie mwalimu. Akiwa na mikondo 3 ya wanafunzi 50, atapokea majibu 4,500 wiki ya kufungua shule, na silabasi inamkimbiza. Atayasahihisha lini? Kiranja hukusanya, karatasi hupangwa pembeni mwa afisi ya walimu, na hapo ndipo safari yake inapoishia. Sisi wazazi hatuna habari. Watoto wanajua fika.

Na kwa kuwa wanajua, wanaifanya kama kazi isiyosomwa. Pita kwenye saiba yoyote mjini Jumamosi ya mwisho wa likizo. Mama ameshika simu ya mwenzake, anaomba achapishiwe faili iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kurasa 40, shilingi 10 kila ukurasa, shilingi 400 zimekwenda. Kwenye benchi hapo nje wavulana watatu wamegawana: mmoja amefanya Kemia, mwingine Hesabu, wa tatu Jiografia, na sasa kila mtu ananakili ya mwenzake mbio mbio, makosa yakiwemo. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukimuuliza mmoja wao swali la nne lilitaka nini, atalazimika kufunua karatasi aone.

Hao wana nafuu, maana wako mjini. Msichana wa Malava au Navakholo hupata nafasi ya kukaa chini baada ya kuteka maji, kupika na kuwalaza wadogo zake. Tulishaona mambo haya mwaka wa 2020. Shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga. Mwenye umeme, simu na bando alisoma, na asiye navyo alingoja hadi milango ilipofunguliwa tena. Rundo la likizo linaubeba ubaguzi ule ule kila muhula, ila sasa limevaa sura ya bidii.

Kisha kuna hili la sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kutoa karatasi si kosa, najua. Lakini dhamira ya sheria ile ilikuwa mtoto apumzike. Tulichofanya ni kuihamisha tuisheni kutoka darasani hadi sebuleni, tukamfukuza mwalimu, tukabakiza maswali.

Watetezi wa rundo wana hoja moja wanayoirudia: mtoto asipokuwa na kazi atazurura, ataharibikia kwa bodaboda. Naona wanaosema hivyo wamesahau Kakamega ikoje. Aprili ni palizi, Agosti ni kuvuna mahindi. Kijana wa Shinyalu anashinda shambani tangu umande haujakauka, anajua kwa mgongo wake kwekwe linafanya nini kwa mahindi. Jioni anakaa mbele ya taa kujibu swali linalomtaka ataje sababu nne za kupalilia. Anazinakili kutoka kitabuni! Hakuna aliyemwambia apime mistari miwili, mmoja uliopaliliwa mapema na mwingine uliochelewa, aandike alichokiona. Hiyo ingekuwa kazi ya Kilimo.

Sipingi kazi ya likizo yenye maana. Mwambie mwanafunzi asome Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kuanzia jalada hadi jalada, kitabu chenyewe, si mwongozo unaouzwa kando ya barabara, aje na kurasa mbili za hoja zake. Mpe insha moja ambayo hakika utaisoma. Mwenye mradi wa KCSE amalizie sehemu yake ya kuandika. Hivyo vinatosha, na vinaacha siku za kulala, kumtembelea nyanya na kucheza kandanda.

Wewe mzazi mwenzangu, shule zikifunguliwa usimuulize mwanao kama alimaliza kazi yote. Ngoja wiki mbili, kisha mwambie akuletee karatasi zile uone kalamu nyekundu ya mwalimu imepita wapi. Kama haijapita popote, nenda shuleni ukaulize.