Hadubini ya seli hai: Meru na Embu zianze na umeme

HADUBINI ya kutazama seli zikiwa hai si chombo cha kununuliwa leo na kuanza kazi kesho. Chuo kitakachoamua kuwa nayo, kiwe kile cha Meru kilichopata hati mwaka wa 2013 au cha Embu kilichoipata 2016, kitagundua kwamba bei ya lenzi ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo.

Seli hizo hukuzwa ndani ya chipu ndogo ya plastiki yenye mifereji myembamba, ambamo maji ya virutubishi hupita mithili ya damu mwilini. Mfano uliovuma, wa pafu, ulitangazwa na wanasayansi wa Harvard mwaka wa 2010. Seli zadai joto la nyuzi 37, unyevu, na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayotia soda povu na ambayo Kenya huichimba Kereita, Kiambu. Joto la chumba likibadilika kidogo tu, chuma cha hadubini hutanuka au kunywea, na picha hufifia. Ndiyo maana mafundi huiwasha saa kadhaa mapema. Kiputo kimoja mferejini chaweza kuzing'oa seli. Mwanga nao ukizidi huziua.

Jaribio huchukua siku kadhaa mfululizo. Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikumbwa na giza. Saa chache kama hizo zatosha kuharibu kazi ya juma zima.

Isitoshe, mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya matibabu, ulioanza 2015, ulilenga hospitali 98. Seneti ilipouchunguza 2020, ilibainika kuwa baadhi ya mashine zilikaa bure kwa kukosa umeme, maji au wataalamu.

Hoja si kwamba eneo hilo lisithubutu. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi, na kwa miaka mingi wagonjwa wa Meru wamesafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Nairobi kutafuta tiba ya mionzi. Chipu yenye seli za umio ingesaidia kupima dawa kabla hazijamfikia mgonjwa, na sheria ya Marekani imetambua vipimo vya aina hiyo tangu Desemba 2022.

Basi bajeti ianze na betri za akiba na jenereta, kisha mitungi ya gesi na mshahara wa fundi wa kudumu. Hadubini ifuate.